Mboga za Bibi Zetu huko Tengeru

Tulipokwenda Arusha kuozesha, mwenyeji wetu alitupeleka Tengeru, kando ya njia ya Moshi, chini ya Mlima Meru. Hapo pana tawi la Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao makuu Taiwan, lililoanzishwa mwaka 1992. Tulidhani tutaonyeshwa mboga za kigeni. La! Tuliona mnavu, mgagani, mchicha na ngogwe, zile zile ambazo vijana wetu huziita chakula cha shida.

Mbegu za mboga moja, zilizokusanywa nchi mbalimbali za Afrika, hupandwa matuta jirani, udongo ule ule na maji yale yale. Kisha huandikwa: ipi imeota upesi, ipi imechelewa kuchanua (kwani ikichanua, majani hupungua), ipi imeshambuliwa na wadudu. Zilizo bora huzidishwa wapewe wakulima. Ndivyo ulivyopatikana mnavu uitwao Nduruma. Wala iliyoshindwa haitupwi. Hukaushwa vyema ikawekwa penye baridi, kwa kuwa huenda kesho ukame au maradhi yakaifanya iwe ndiyo itakiwayo.

Tulimkumbuka Nabii Yusuf (A.S.), aliyeshauri nafaka iachwe katika mashuke yake kabla ya miaka ya njaa. Tukaona haya. Marehemu bibi yetu alikuwa na mgagani wa majani mapana, mbegu zake akizifunga kitambaani juu ya uchaga wa jikoni. Alipofariki tuligawana vyombo vyake, na kitambaa kile tukakitupa jaani. Tuliporudi tuliuliza nyumba kwa nyumba. Hatukumpata aliye nayo.