Ukienda London Kutazama Michezo, Ulale Wapi?

Ni miji michache ya Ulaya iwezayo kulingana na London kwa wingi wa kumbi za michezo ya kuigiza. Baadhi ya jamaa zetu waendao Ubelgiji kuwasalimu ndugu zao hupanda treni mjini Brussels, hupita chini ya bahari, na baada ya saa mbili hivi hushuka London katika kituo cha St Pancras. Wakumbuke tu kwamba visa ya Ubelgiji haiwafungulii mlango wa Uingereza. Ile ya Uingereza huombwa peke yake. Wengi wao hununua kwanza tiketi ya mchezo, kisha hutafuta chumba chochote chenye bei ndogo. Basi, ndugu msomaji, tuangalie kwa nini desturi hiyo si njema.

Mchezo wa jioni huanza kwa kawaida saa moja na nusu, nao huisha karibu na saa nne au baadaye. Aliyelala mbali huanza kuitazama saa yake kabla ya mwisho. Mwili wake u kitini, lakini moyo wake umekwisha kwenda kituoni. Katika ukumbi wa St Martin's, karibu na kituo cha Leicester Square, huchezwa The Mousetrap, mchezo wa Agatha Christie ulioanza London mwaka 1952. Ni habari ya mauaji, na mwuaji hujulikana mwishoni kabisa. Hata watazamaji huombwa wasiifichue siri hiyo kwa watu wa nje. Je, mtu aondokaye mapema ili asikose treni amenunua nini kwa fedha yake? Amenunua swali bila jibu. Kwa hiyo chumba huchaguliwa kwa kuifikiria ile safari ya mwisho ya usiku, kutoka mlango wa ukumbi mpaka mlango wa malazi.

Tuzitazame sasa pande za mji. Kwanza kuna West End, makao makuu ya michezo. Katika barabara ya Shaftesbury Avenue kumbi nne zimepangana upande mmoja: Lyric, Apollo, Gielgud na Sondheim. Mashariki yake kuna Covent Garden, mahali palipokuwa soko la matunda na mboga mpaka mwaka 1974, na jirani yake ni Theatre Royal Drury Lane, ambapo michezo ilianza mwaka 1663. Hapo karibu, katika ukumbi wa Lyceum, huchezwa The Lion King tangu mwaka 1999. Mtoto wetu atafurahi kusikia majina kama Simba na Rafiki yakitamkwa mbele ya Waingereza. Alalaye upande huu hurudi kwa miguu. Lakini vyumba ni vidogo na bei yake ni kali, tena huko Soho kelele za mabaa huendelea mpaka usiku wa manane. Mwenye watoto wadogo apime vema.

Pili ni Bloomsbury, kaskazini kidogo, mtaa wa vyuo, wa miti na wa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kutoka St Pancras hata mzigo mdogo waweza kuubeba mkononi mpaka huko. Ukikaa karibu na kituo cha Russell Square, kumbi za Covent Garden ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu. Ukichoka, treni ya Piccadilly hukurudisha kwa vituo viwili tu. Wakati wa likizo kubwa ya wanafunzi, baadhi ya mabweni ya vyuo hupangisha vyumba visivyo na fahari, lakini safi. Kwa jamaa ya kipato cha wastani, hapa ndipo tungepashauri kwanza.

Tatu ni ng'ambo ya kusini ya mto Thames, upande wa Waterloo na Bankside. Huko kuna Old Vic, uliofunguliwa mwaka 1818, na National Theatre, ambao jengo lake lilifunguliwa mwaka 1976. Kuna pia Globe, uliojengwa kwa mfano wa ukumbi wa Shakespeare na kufunguliwa mwaka 1997. Mwaka 2012 michezo 37 ya Shakespeare ilichezwa hapo kwa lugha 37, na The Merry Wives of Windsor ilisikika kwa Kiswahili. Katika Globe watu wa tiketi rahisi husimama uwanjani pasipo paa, wala mwavuli hauruhusiwi. Aliyelowa kwa mvua muda wa saa tatu atajua thamani ya kitanda kilicho karibu.

Lakini wengi wetu hatulali hotelini. Twalala kwa ndugu, pembeni mwa mji, kwa sababu ndugu hakubali mgeni wake alipe mahali pengine. Hilo ni jema. Tena lina adabu yake: si vema kumgongea mwenyeji mlango saa saba ya usiku, naye ataamka alfajiri kwenda kazini. Mgeni wa namna hiyo achague mchezo wa mchana, ambao kumbi nyingi huuonyesha siku moja ya katikati ya juma na Jumamosi, kwa kawaida saa nane na nusu. Treni ziendazo usiku kucha, zilizoanza mwaka 2016, hupita usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi tu, tena katika njia chache.

Wahenga walisema: Rahisi huvunja upishi. Kabla ya kulipa, jumlisha bei ya chumba na nauli ya kila siku, uongeze na teksi ya usiku mmoja uliochelewa. Uliza pia: kutoka kituoni mpaka mlangoni ni hatua ngapi, na njia ina taa? Mama na binti yake wataweza kuipita bila hofu? Ukiwa na majibu hayo, utakaa kitini kwa utulivu mpaka pazia lishuke. Kisha mtatembea polepole, wazazi na watoto, mkizungumza juu ya mliyoyaona. Nayo mazungumzo hayo ndiyo faida ya mchezo itakayorudi nanyi nyumbani.