Pingili Nilizogawa

Kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, anayesimama kutoa ushuhuda huanza na jinsi alivyopona. Mimi nilipona ujinga. Muhogo wangu ndio nilioapa kwamba umepona, na haukupona.

Niliishi Lilongwe miaka kadhaa nikiuza nguo sokoni. Nyuma ya chumba nilichopanga nilikuwa na mashina machache ya muhogo, maana Mkongo wa Fizi akikosa sombe, mboga ya majani ya muhogo, hujiona hana kwao. Shina moja likashikwa na batobato: majani yakajikunja, yakatoka mabaka ya njano, mengine yakabaki membamba kama utambi. Nilitaka kuling'oa, uvivu ukanizuia. Joto la Oktoba lilipokolea, kileleni yakachipua majani mapana ya kijani kibichi. Chini machakavu, juu mazima. Nikasema, hii ndiyo mbegu ya nguvu.

Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi walioko mijini warudi kambini. Nikarudi Dzaleka na godoro, sufuria mbili na mzigo wa pingili nilizokata kwenye shina lile, uliofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikakodi kipande cha dimba, shamba la bondeni. Jirani yangu, mama wa Kirundi, nikampa pingili 12. "Asante kaka, Mungu akuzidishie." Wengine nao wakaja kuomba, nikawapa.

Julai, baridi ya wilaya yetu ya Dowa ikiwa kali, jirani yule akaniita. Pingili saba zilikuwa na mabaka tangu jani la kwanza. "Kaka, hizi ulizitoa wapi?" Nikamwambia ni udongo wake. Bado naiona aibu ya jibu lile.

Siku niliyopata kibali cha kwenda Lilongwe, nilibeba jani ndani ya daftari nikampelekea kijana Mmalawi aliyesomea mimea, mteja wangu wa zamani. Kwa Kichewa changu cha sokoni nikamwambia, chinangwa hiki (muhogo) kilipona, mbona watoto wake wanaumwa? Akacheka, kisha akanichorea.

Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini. Kila seli hujitetea pale ilipo. Kirusi cha batobato huletwa na inzi weupe. Kikishaingia ndani ya seli, huamsha jeni za kunakili DNA ambazo zilikuwa zimepumzika, ili zikinakili kirusi hicho. Jeni za kutengeneza ukijani hupunguziwa kazi; ndiyo yale mabaka. Mmea nao huwasha jeni za ulinzi. Vimeng'enya vyake hukatakata RNA ya kirusi, yaani ujumbe wake, kuwa vipande vya herufi 21 hadi 24. Kila kipande ni kama picha ya mwizi iliyosambazwa: ujumbe wowote unaofanana nacho hukamatwa na kukatwa. Hamilton na Baulcombe walivieleza vipande hivyo mwaka 1999 huko Uingereza. Kirusi nacho si mjinga, kina protini za kuvuruga ukataji huo.

Na hali ya hewa huingia kati. Kwa baadhi ya virusi vya muhogo, joto huzidisha ukataji, na baridi hukipa kirusi nafasi ya kupumua. Majani yangu ya Oktoba yalikuwa yamekinyamazisha tu. Chenyewe kilibaki kwenye shina, na shina ndilo nililolikata pingili. Pingili nyingine hutoka safi kweli, ndiyo maana tano za mama yule hazikuugua. Lakini kwa kuzitazama tu huwezi kujua ni zipi.

Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, huko Usambara. Malawi yenyewe ina kirusi cha muhogo kilichopewa jina lake. Na mimi nilikuwa nikikisafirisha kwa minibasi, nauli nimelipa mwenyewe!

Niliporudi nilimwendea jirani kabla ya kufika kwangu. Nikamwambia, mama, udongo wako hauna kosa, ugonjwa niliuleta mimi. Tuling'oa zile saba pamoja, kisha nikaenda kung'oa zangu. Siku hizi nachagua shina la kukata mapema, likiwa na majani yote, na lililowahi kuugua silikati hata lipendeze vipi.

Ninyi wengine mliochukua pingili kwangu mwaka ule, msizigawe. Njooni dimbani tuziangalie.