Pumzi Nne za Mwalimu

Juma lililopita mjukuu wangu, aliyemaliza kidato cha nne, alinionyesha barua ya Kiingereza ya kuombea kazi, na nilipomwuliza kwa nini neno "its" amelitia ritifaa pasipo haja, alinijibu kwa adabu, "Babu, ritifaa ndiyo nini?" Nikahuzunika, na moyo wangu ukarejea darasani Tanga.

Daftari langu la darasa lile, nililolifungua kuhakikisha mwaka, laandika 1957. Mwalimu wetu alivaa kanzu iliyonukia udi, hata vumbi la chaki halikuishinda harufu ile, naye, akijua ya kuwa sote tulipitia chuoni kabla ya skuli, hakuanza na kanuni za Waingereza bali na vituo vya Kurani. "Penye mimu ndogo," alisema, "lazima msimame, na penye lamu-alifu msisimame, maana itafisidika. Basi na hawa wana vituo vyao." Kisha akagonga meza kwa kidole: mkato pigo moja, nuktamkato mawili, nuktambili matatu, nukta manne, nasi tukasoma kwa sauti moja, tukinyamaza kwa hesabu.

Ritifaa aliitengea asubuhi nzima. Aliandika ubaoni "ng'ombe", na chini yake "ngoma", akatufahamisha kwamba ritifaa yetu hulinda sauti, lakini yao mara nyingi ni kaburi la herufi: katika "it's" imezikwa "i" ya "is", ilhali "its" ya kumiliki haikufiwa na herufi yoyote, basi haistahiki kaburi.

Baadaye istilahi ziligeuka. Jina, tendo na sifa alizotufunza zikawa nomino, kitenzi na kivumishi, na nahau, iliyokuwa ndiyo elimu yenyewe ya lugha, leo vijana waijua kuwa misemo tu. Kugeuka kwa majina hakunidhuru. Kinachoniudhi ni kijana kupita miaka kumi na mmoja ya masomo asiachiwe jina lolote, la kale wala la sasa, kwani asiyejua jina la alama haioni, na asiyeiona hajui pa kuvutia pumzi.

Nilimketisha mjukuu barazani, nikamsimulia habari ya kaburi, kisha nikagonga meza naye akisoma. Alipofika kwenye "its" alisita kabla ya kidole changu.

"Babu, hapa hapana aliyezikwa," akasema, akaifuta.