Kujibu Kizibo

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa majina ya karata. Kopa, shupaza, uru na pau yametufikia kutoka kwa Wareno, pamoja na turufu na neno karata lenyewe, nasi tumeyatumia hata yamekuwa yetu. Nilipoombwa kuutafsiri mchezo wa briji, basi, majina hayakunisumbua. Nilisumbuliwa na maneno mawili ya mnada.

Aliyeniomba ni mzee mmoja wa Suma, huko Rungwe, ambako ndiko ukweni kwangu, na ambako mvua ya masika ikishika hushika kweli. Kutwa nzima migomba na chai huonekana kwa ukungu tu. Mzee huyu alijifunza briji ujanani mwake kutoka kwa mabwana wa mashamba ya chai, kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi alicheza na mwenzi mmoja. Mwenzi alipofariki, kiti chake kilikaliwa na mjukuu wa mzee, binti mwepesi wa hesabu, lakini lugha ya mnada ule hakuijua. Pasipo maneno meza ingevunjika, na mzee hakuwa na mchezo mwingine. "Kijana," aliniambia, nami nimekwisha kupita hamsini, "nipe maneno, karata ninazo."

Briji ya leo ilipewa umbo lake na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini. Watu wanne hucheza wawili wawili. Kila mmoja hupata karata 13, na kabla ya kutupwa hata moja hufanyika mnada. Asemaye "kopa moja" ameahidi kula mara 7 kopa ikiwa turufu. "Kopa nne" ni mara 10. Matamko yote ni 35, na kila atamkaye hana budi kupanda juu ya mwenziwe. Wenye karata nzuri hupanda polepole, ngazi kwa ngazi, wakiulizana na kujibizana kama washairi wawili wanaotafuta kina kimoja.

Hapo ndipo huingia mtu mwenye karata dhaifu. Ana shupaza saba, pengine mfalme na bibi wamo, na zilizobaki ni takataka. Anajua nguvu ziko upande wa pili. Hufungua mnada kwa "shupaza tatu", na kwa tamko hilo moja amezifuta ngazi 13 zilizo chini yake. Hatarajii sana kushinda. Anatarajia kushindwa kwa bei nafuu, huku wenye nguvu wamenyang'anywa nafasi ya kusemezana. Mzee alipenda tuite jambo hili "kuwahi". Nilikataa. Anayewahi ana pa kwenda, na huyu anaziba tu. Tukakubaliana juu ya "kizibo".

Na jawabu lake? Wengi ama hunyamaza kwa woga, ama hupiga kelele kubwa zaidi. Mwenye rangi ndefu na karata za kutosha aitaje, hana lawama. Lakini mara nyingi mwenye nguvu ana shupaza moja, na nne nne katika kopa, uru na pau. Huyo hutamka neno ambalo kwa asili ni la adhabu: malipo yawe maradufu, ukianguka utajuta. Kwa sauti ni tishio kwa adui. Kwa maana ni swali kwa mwenzi: rangi tatu zilizobaki ninazo, taja yako. Na mwenzi, hata akiwa mkavu, yampasa aseme. Akiwa na shupaza kali tu ndipo anyamaze, na hapo tishio huwa tishio kweli.

Sisi tuliolelewa na fumbo tunalijua neno la namna hii. Lakini fumbo la briji lina sharti geni kwetu: adui ana haki ya kuuliza maana yake, na mwenzi hana budi kumweleza. Tena neno ni moja. Kanuni hazikubali moja la kuadhibu na jingine la kuuliza, wala sauti mbili za neno hilo. Kwa sababu hiyo "niitikie", lililonipendeza sikioni, lilikufa palepale, kwa kuwa halina adhabu. "Dabo" ya mzee ilikuwa na adhabu ila haikuuliza kitu. Mjukuu aliisikia akanyamaza, mara mbili jioni moja, na mzee akamtazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Nilimpa "ongeza". Kwa adui: ongeza malipo. Kwa mwenzi: ongeza neno lako. Mzee alilipinga siku mbili, akisema ni neno la sokoni. Siku ya tatu jirani aliziba kwa shupaza tatu.

"Ongeza," akasema mzee, bila kupandisha sauti.

Mimi, niliyekuwa upande wa jirani, nikapita. Mjukuu alikuwa na kopa tano na mfalme mmoja, basi.

"Kopa nne, Babu."

Jirani akalalamika kwamba neno "Babu" halimo katika mnada, na kwa kanuni alikuwa na haki. Tukaanza kutupa karata.