Kuhara na Kutapika: Tungoje Mpaka Lini?



Kwenye foleni ya maji tunaulizana sana: mtoto akihara na kutapika, tungoje siku ngapi ndipo twende kwa daktari? Kule Bujumbura, tulipokuwa tukikaa Buyenzi, majirani walisema siku tatu. Sisi tunaona siku siyo kipimo.

Kinachoua ni maji na chumvi kumtoka mtu upesi kuliko anavyovirudisha. Basi tumwangalie mtoto mwenyewe. Macho yameingia ndani? Analia bila machozi? Hajakojoa tangu asubuhi? Finya ngozi ya tumbo, uiachie. Ikirudi polepole, mwili umekauka. Akilegea, akikataa ziwa, au kila anachokunywa kinarudi, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ameanza leo. Vilevile ukiona damu kwenye choo, homa kali, degedege, au kama hajatimiza miezi miwili. Na kuhara kukifika siku 14, hata kama anacheza, daktari amwone.

Kipindupindu ndicho hakina mchezo kabisa. Choo kinakuwa kama maji ya mchele, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa kwa saa chache. Januari 1, 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wake, wagonjwa wa kwanza wakiwa upande wa Bujumbura. Na waliopita Goma mwaka 1994 hawahitaji kuambiwa: karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kuhara.

Lakini dawa ya kwanza ilipata sifa kambini, kwa watu kama sisi. Mwaka 1971, kwa wakimbizi wa Bangladesh waliokuwa India, serumu za mshipani ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji ya sukari na chumvi, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4.

Kwa hiyo anza kumnywesha nyumbani na uendelee njiani. Kama pakiti ya serumu ya kunywa haipo: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko, isizidi. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Ziwa usimnyime.

Halafu kuna hii habari ya kilimi. Bibi zetu tunawaheshimu, lakini kukata kilimi hakuzuii kutapika. Wembe unaleta damu na vidonda, na saa zinakwenda.

Usiku ndio mgumu: baba hayupo, wadogo wamelala, njia ni giza. Kwenye mtaa wetu tumekubaliana, mama akigonga kwa ajili ya mgonjwa anafunguliwa, hata saa nane ya usiku. Mmoja anamsindikiza, mwingine anabaki na watoto.