Msichana wa Vimmerby

Nilifika Vimmerby, kusini mwa Uswidi, mara ya kwanza kiangazi cha 1987. Nilikuwa nikisoma Linköping, na mama aliyenipangisha chumba alinipeleka nione alikozaliwa Astrid Lindgren, mwandishi wa Pippi. Hapakuwa na makuu: nyumba nyekundu ya shamba la Näs, mti mkuukuu, na pembeni ya mji vijumba vya hadithi, theluthi moja ya ukubwa wa kawaida. Familia tatu za pale pale ndizo zilizoanza kuvijenga, mwaka 1981, kwa ajili ya watoto. Nilijikunja kupita mlangoni, watoto wakacheka.

Kilichonikaa moyoni ni yale niliyosimuliwa baadaye, tukinywa kahawa. Mwaka 1926 Astrid, binti wa miaka 18, alipata mimba ya mhariri wa gazeti la mji, mume wa mtu, aliyekuwa bosi wake. Tayari watu wa mji walikuwa wakimkodolea macho kwa kukata nywele fupi. Sasa wakapata la kusema. Akahamia Stockholm, akaenda kujifungua Copenhagen, mahali ambapo hakulazimika kumtaja baba wa mtoto. Mwanawe Lars alibaki huko kwa mama mlezi kwa miaka mitatu, na mama yake, karani wa mshahara mdogo, akidunduliza nauli ya kwenda kumwona. Tangu siku ile siwezi kumsoma Pippi, mtoto anayeishi peke yake bila mama wala baba, nisimfikirie Lars.

Nilimfikiria na dada yangu. Alifukuzwa shule mwaka 1979, kidato cha pili, kwa sababu hiyo hiyo, na nyumbani mambo yake yakawa ya kunong'onwa. Usiku ule nilimwandikia kurasa nne kuhusu binti wa Vimmerby. Hakujibu.

Novemba 2021 Tanzania iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, dada alikuwa anakaribia miaka 60.

Mwaka 2023 nilirudi Vimmerby na mpwa wangu, mtoto wa ile mimba, pamoja na binti yake. Mji wa watu kama 8,000 sasa unapokea mamia ya maelfu ya wageni kila mwaka. Vile vijumba vimekuwa bustani kubwa, na Pippi anatembea humo akiongea na watoto. Astrid mwenyewe, aliyefariki 2002, amezikwa hapo mjini, na katikati ya uwanja mkuu, pale pale alipokuwa akisemwa, ipo sanamu yake na taipureta.

Mpwa wangu alimpigia mama yake simu ya video, akageuza kamera.

"Ndiye yule uliyeniandikia?" dada aliniuliza.

"Ndiye."

Alinyamaza kitambo. "Hebu sogeza," akasema, "nimwone uso."