Baba Anataka Kwenda Malawi

Mwezi uliopita baba alinipigia simu kutoka Tukuyu kuniambia kwamba amepeleka baiskeli kwa fundi. Baba ana miaka 66, ni mwalimu mstaafu. Nikamuuliza anakwenda nayo wapi. "Malawi, mama. Nataka nilione Ziwa Nyasa kwa upande wa kule."

Nilicheka, kisha nikapandisha hasira. Malori, presha, magoti, wezi, nikamtajia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja tu: "Haya." Alilisema kama mwanafunzi aliyenyimwa ruhusa.

Usiku sikulala vizuri. Nikakumbuka kitabu nilichosoma nikiwa chuo, *The Ukimwi Road* cha Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, mama huyu aliendesha baiskeli kutoka Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Wakati ule kilichonigusa ni habari za ukimwi uliokuwa unamaliza watu. Umri wa mwandishi niliupita tu, maana nilikuwa na miaka 22 na uzee ulikuwa wa watu wengine.

Murphy alipewa baiskeli na atlasi alipotimiza miaka 10, akaamua kwamba siku moja ataendesha mpaka India. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyemuuguza miaka mingi. Aliondoka Januari 1963, baada ya mama kufariki. Alikuwa na miaka 31.

Baiskeli ya baba imebeba magunia ya mahindi, imempeleka mama kliniki, na mimi imenipeleka shule miaka saba, nimekaa kwenye keria nimeshika shati lake. Sikumbuki hata siku moja aliipanda kwenda anakotaka yeye. Na leo anayemkataza ni mimi niliyebebwa.

Asubuhi nikampigia. Nikamuuliza kama fundi amebadilisha breki, maana kutoka Tukuyu kushuka Kyela si mchezo, ni mteremko. Akasema breki mpya, matairi mapya, imebaki pampu. Tukakubaliana apime presha kwanza, na kila jioni anipigie.

Hela ya pampu nimeshamtumia. Kuogopa bado naogopa.